Uvumbuzi katika Kahawa na Mzigo wa Gharama Zake

Katika mazao yote ambayo nchi za joto huyapeleka katika masoko ya dunia, sidhani kama lipo lililozungukwa na maneno ya kheri kuliko kahawa. Mifuko yake hupambwa kwa alama za kijani, makampuni yanayoiuza hutoa kila mwaka taarifa ndefu za namna yanavyohifadhi misitu na kumjali mkulima, na wataalamu hukutana mara kwa mara kushauriana juu ya mbegu mpya, mitambo mipya na masharti mapya; ilhali mkulima mwenyewe, ambaye hutajwa kwanza katika taarifa hizo, aghalabu huendelea kuihudumia mibuni aliyoachiwa na babu yake kwa jembe lile lile, na watoto wake, wakiisha kusoma, hawaonyeshi azma ya kurudi kuirithi. Muradi wa makala haya ni kulitazama jambo hili kwa upana wake, tangu mbegu hata kikombe, na kuupima uvumbuzi uliokwisha kufanyika kwa kuuliza swali moja: ni nani aliyelipa gharama yake, na ni nani aliyevuna faida.

Yafaa kwanza tuujue udhaifu wa mti wenyewe, kwa kuwa hapo ndipo lilipo shina la matatizo mengi. Kahawa inywewayo duniani karibu yote hutokana na aina mbili: arabika, ipendayo ubaridi wa milimani, na robusta, istahimiliyo joto la nchi za chini. Asili ya arabika ni misitu ya kusini-magharibi ya Uhabeshi na uwanda wa Boma katika Sudan ya Kusini. Lakini iliyoenea ulimwenguni ilipitia Yemen, ambako katika karne ya 15 masufi waliinywa ili wasilemewe na usingizi katika dhikri zao za usiku, na ambako bandari ya Mukha ilijipatia jina kwa biashara yake. Baadaye Waholanzi waliipeleka Java mwishoni mwa karne ya 17. Mwaka 1706 mche mmoja wa Java ukafikishwa Amsterdam, na kizazi chake kikavushwa bahari hadi Amerika. Wafaransa nao wakachukua mbegu nyingine Yemen wakazipanda katika kisiwa cha Bourbon, ambacho leo huitwa Réunion. Natija yake ni kwamba mashamba mapana ya arabika ya Amerika yalitokana na miti michache mno, na mimea ya ukoo mmoja hushindwa na maradhi mamoja.

Hilo lilidhihirika mapema. Mwaka 1869 kutu ya majani ilionekana katika mashamba ya Ceylon, nchi iitwayo leo Sri Lanka, iliyokuwa wakati huo miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa kahawa duniani. Na kabla ya karne kumalizika wenye mashamba wa Kiingereza walikuwa wamekwisha kung'oa mibuni wakapanda chai. Kutu hiyo iliingia Brazil mwaka 1970, na hofu yake ikawafanya wakuu wa kilimo wa nchi nyingi za Amerika wawashauri wakulima kukata miti ya kivuli, kupanda mibuni mifupi iliyosongamana juani, na kuilisha mbolea za viwandani na dawa. Huo nao ulikuwa uvumbuzi, na kwa miaka kadhaa ulileta mavuno makubwa. Lakini udongo ulichoka, ndege na wadudu wenye manufaa wakakosa makao, na mkulima akawa mateka wa bei ya mbolea. Kisha mwaka 2012 kutu ile ile ililipuka Amerika ya Kati kwa ukali mkubwa, hata serikali za Guatemala na Honduras zikatangaza hali ya hatari.

Mfano wa kinyume uko katika miteremko ya Kilimanjaro. Aingiaye katika kihamba cha Mchaga huona juu kabisa miringaringa na miruka iliyobakizwa tangu zama za msitu. Chini yake migomba, ambayo majani yake makavu hufunika ardhi isikauke. Chini ya migomba mibuni. Na chini ya mibuni magimbi na maharagwe. Ng'ombe yumo bandani kando ya nyumba, hulishwa majani na vigogo vya migomba, na samadi yake hurudi shambani. Na maji huletwa na mfongo uliochimbwa na wahenga kutoka katika mito ya juu. Watafiti wamehesabu katika vihamba hivyo zaidi ya aina 500 za mimea, na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa limeutambua mfumo huo kuwa urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia nzima. Sisemi haya kwa kusifu mambo ya kale kwa sababu tu ni ya kale, kwani mibuni mingi ya vihamba imezeeka na mavuno yake ni haba. Nasema kwa sababu hicho kinachoitwa leo kilimo mseto, na kufundishwa katika semina kama elimu mpya, kimekuwako hapo vizazi kwa vizazi, na waliokihifadhi hawajapata kulipwa hata senti moja ya ziada kwa ajili yake katika bei ya mnada.

Juu ya maradhi sasa limekuja joto. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 juu ya arabika ya Tanzania ulionyesha kwamba joto la usiku ndilo lenye taathira kubwa zaidi, na kwamba kila nyuzi moja ya Selsiasi inayoongezeka katika kiwango cha chini cha joto hupunguza mavuno kwa kadiri ya kilo 137 kwa hekta. Na hasara hiyo ni nzito mno kwa mtu ambaye shamba lake, hata likiwa la hekta nzima, halimpi kilo 500. Hesabu nyingine za mwaka huo huo zilikadiria kuwa ifikapo mwaka 2050 nusu ya ardhi ifaayo kwa kahawa duniani haitafaa tena. Jawabu jepesi ni kusema kahawa ipande juu zaidi mlimani ikaufuate ubaridi. Lakini Mchaga akipanda juu hukutana na mpaka wa hifadhi ya msitu, na Mhabeshi hukutana na msitu ule ule ulio hazina ya mbegu za asili. Kwa hiyo mkulima wa milimani hana pa kuhamia, na kama kahawa yake haikubadilika pale ilipo, itatoweka pale ilipo.

Kubadilika huko huanza na mbegu, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa historia ya mbegu inafundisha mengi kuliko historia ya mitambo. Mwaka 1931 mtaalamu wa maabara ya kilimo ya Scott, nchini Kenya, alizuru Tanganyika, na huko Monduli akaona mibuni iliyostahimili ukame kuliko mingine. Mbegu zake zikachukuliwa, na mwaka 1935 ukateuliwa kutoka katika kizazi chake mti mmoja uliozaa aina ya SL28, ambayo hadi leo ni miongoni mwa kahawa zinazosifiwa sana duniani kwa ladha. Lakini wakati ule serikali ya kikoloni ya Kenya iliwazuia Waafrika kulima arabika, hata majaribio machache yaliporuhusiwa Meru, Embu na Kisii katika miaka hiyo ya 1930, na mlango haukufunguliwa wazi mpaka miaka ya 1950. Kwa hiyo mbegu iliyotoka katika ardhi ya Afrika, ikateuliwa kwa fedha za umma, ilitumikia kwanza mifuko ya masetla. Upande wa Tanganyika masetla walidai katazo kama hilo wasilipate. Wachaga walianzisha chama chao cha wakulima wa kahawa mwaka 1925, nacho kikageuka mwaka 1933 kuwa KNCU, chama kikuu cha ushirika ambacho kingali hai. Naamini kuwa katika uvumbuzi wote uliopata kufanywa katika kahawa ya Afrika Mashariki, huo wa watu wadogo kukusanya mazao yao, kuyapima na kuyauza kwa sauti moja, ndio uliobadili maisha ya wengi zaidi: shule ngapi zilijengwa kwa kahawa, na vijana wangapi walipelekwa vyuoni kwa fedha za ushirika, kabla hatujapata serikali zetu wenyewe.

SL28 ina ladha lakini haina kinga: kutu huila majani, na chulebuni huozesha tunda lake likiwa bado bichi. Kinga ilipatikana kwa bahati katika kisiwa cha Timor, ambako katika miaka ya 1920 ulionekana mbuni uliozaliwa na arabika na robusta kwa njia ya asili, wenye umbo la mmoja na ukakamavu wa mwingine. Na takriban aina zote zenye kinga zilizosambazwa baadaye, kuanzia Colombia hata Kenya, zina damu ya mti huo. Kenya ilitoa Ruiru 11 mwaka 1985, mbuni mfupi unaostahimili chulebuni na kutu. Ila mbegu zake hupatikana kwa kuchavusha maua kwa mkono, ua baada ya ua, na kwa hiyo miche haikupata kutosheleza wahitaji, mpaka ilipofuata Batian mwaka 2010, ambayo mbegu zake huzaa sawa na mti wa asili. Tanzania nayo, kupitia Taasisi ya Utafiti wa Kahawa iliyoko Lyamungu, TaCRI, imekuwa ikitoa tangu mwaka 2005 aina chotara zinazostahimili maradhi hayo mawili, na kuzizidisha kwa vikonyo. Kazi yenyewe ni ya subira: fundi wa kitalu hukata kikonyo chenye jozi ya majani, hupunguza majani hayo nusu ili yasipoteze maji, hukichomeka katika udongo laini chini ya kifuniko cha nailoni, na hukilinda kwa kivuli na unyevu miezi kadhaa mpaka kishike mizizi. Uganda, baada ya mnyauko fuzari kuangamiza robusta zake katika miaka ya 1990, ilifuata njia kama hiyo: watafiti waliitafuta miti iliyosalimika katikati ya mashamba yaliyokufa, wakaizidisha.

Elimu ipo, basi, na wenye elimu hiyo ni wananchi wetu wenyewe. Pingamizi liko kwingine. Mkulima anayeng'oa mbuni mzee ili apande chotara hukaa karibu miaka mitatu bila mavuno ya maana, na katika miaka hiyo ada za shule hazisimami wala ugonjwa haungoji. Akiwa na robo tatu ya hekta, kumwambia ang'oe shamba lote ni kumwambia afunge kula. Wapo wanaobebesha kikonyo kipya juu ya shina la zamani, na njia hiyo hupunguza muda wa kungoja, lakini nayo yataka fundi, na fundi ataka ujira. Brazil, ambayo peke yake hutoa karibu theluthi moja au zaidi ya kahawa ya dunia, ina mikopo na mashamba mapana yavunwayo kwa mashine. Vietnam, ambayo mwanzoni mwa miaka ya 1980 haikutajwa katika kahawa, ilifikia daraja la pili duniani karibu na mwaka 2000 kwa sababu dola ilikusudia hivyo ikatoa ardhi, maji na fedha. Kwetu mkulima hupewa ushauri bila mtaji, kisha hulaumiwa kwa kutofuata ushauri.

Hata aina za porini zimeanza kutazamwa kwa macho mapya. Wataalamu wa bustani ya Kew, London, walitangaza mwaka 2019 kuwa asilimia 60 ya aina 124 za kahawa zijulikanazo ziko katika hatari ya kutoweka. Na mwezi Desemba 2018 wataalamu wa Uingereza na wa Sierra Leone walikuwa wameiona tena msituni kahawa iitwayo stenofila, iliyosahauliwa kwa miongo mingi, ambayo waonjaji waliipa sifa zinazokaribia za arabika ingawa huishi katika joto lililozidi la arabika kwa nyuzi sita au zaidi. Habari hii ni njema. Hata hivyo, lau stenofila itapandwa kesho katika mashamba ya kampuni za mbali, haki ya wanavijiji wa Sierra Leone walioishi na msitu ule haina budi iandikwe leo, kabla mbegu haijavuka bahari, kwa kuwa yaliyozipata Monduli na Yemen yanajulikana.

Juu ya maji na usafishaji sina maneno mengi, kwa kuwa hapo njia imekwisha kuonekana. Kumenya na kuosha kwa desturi ya zamani kulitumia kiasi cha lita 40 za maji kwa kila kilo ya kahawa kavu, na maji hayo machungu yaliua samaki mitoni. Kituo cha utafiti cha Colombia, Cenicafé, kilitengeneza katika miaka ya 1990 mtambo unaomenya na kuondoa utelezi kwa chini ya lita moja. Vyama vya msingi vinavyomiliki mitambo ya namna hiyo kwa pamoja hupata kahawa ya daraja moja, tofauti na ile inayomenywa kila nyumba kwa mashine ya mkono. Na maganda yaliyokuwa yakitupwa yamepata soko: Umoja wa Ulaya uliruhusu mwaka 2022 yauzwe kama kinywaji, jambo ambalo watu wa Yemen, wanywao kishri kwa tangawizi tangu enzi na enzi, hawakuhitaji ruhusa ya mtu kulijua.

Tuje sasa katika bei, kwa sababu hapo ndipo mambo yote niliyoyataja hushikana au huachana. Mwaka 1962 nchi zinazouza na zinazonunua zilitia sahihi Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa, uliogawa viwango vya kuuza na kuizuia bei isiporomoke. Na ijapokuwa mkataba ule ulikuwa na taksiri zake, na serikali nyingi zilimnyonya mkulima chini ya kivuli chake, ulimpa walau uwezo wa kujua atakachopata. Ulivunjika Julai 1989, bei ikaanguka, na kufikia mwaka 2001 ratili moja iliuzwa chini ya senti 50 za dola, kiasi kisichorudisha gharama ya kulima. Watu waling'oa mibuni, wengine wakaiacha iote magugu. Februari 2025 bei hiyo ya arabika ilipita dola 4, kwa sababu ya ukame wa Brazil na hofu ya wafanyabiashara. Zao lililo hai kwa miaka thelathini na zaidi shambani haliwezi kupangwa kwa bei inayoruka namna hiyo kati ya shimo na kilele. Na mkulima mwenye busara, akiona hivyo, hupanda nyanya au huuza miti ya kivuli kwa mbao. Huko Kagera shida hiyo ilizaa butura, yaani kuuza kahawa ikingali ua kwa mwenye fedha taslimu, kwa bei ya kutupa; serikali imeipiga marufuku mara nyingi, lakini marufuku haitoi ada ya mtoto mwezi wa Januari, na penye dhiki hiyo butura hurudi kwa jina jingine.

Biashara ya haki yenye cheti, iliyoanza Uholanzi mwaka 1988 kwa kahawa ya wakulima wa Oaxaca, Mexico, chini ya alama ya Max Havelaar, ilikuwa jaribio la dhati la kuziba pengo hilo kwa kuweka bei ya chini kabisa. Naiheshimu nia yake. Lakini bei hiyo kwa arabika iliyooshwa ilisimama dola 1.40 kwa ratili kuanzia 2011 hadi 2023, ndipo ikapandishwa hadi 1.80, na katika miaka hiyo 12 mbolea, vibarua na usafiri havikusimama kamwe. Zaidi ya hayo, chama chenye cheti hakipati daima mnunuzi wa cheti, na mzigo unaobaki huuzwa kwa bei ya kawaida ilhali gharama ya ukaguzi ilikwisha kulipwa juu ya kahawa yote. Vyeti vingine havina hata bei ya chini: vinamtaka mkulima ahifadhi, aandike, akaguliwe, kisha vinamwachia apatane na soko.

Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 dhidi ya ukataji wa misitu imeingia katika mkondo huo huo. Inataka kila kahawa iingiayo Ulaya ithibitishwe kwamba haikulimwa katika msitu uliofyekwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na kwamba mahali pa shamba panajulikana: shamba lililozidi hekta nne kwa ramani ya mipaka yake, na lililo dogo walau kwa nukta moja ya latitudo na longitudo. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini maandalizi yameanza, na vijana wenye simu wanapita vihambani na katika vibanja vya Kagera wakisajili mashamba. Msitu ni haki ulindwe, na sina ugomvi na kusudio. Ila chama cha wakulima elfu tatu kinatakiwa kulipa vijana, simu, programu na uhakiki, wakati mwenye shamba moja kubwa la Brazil anachora ramani moja. Na wakulima hao elfu tatu, ambao wengi wao miti yao ya kivuli ni mirefu kuliko mnara wa kanisa, wanathibitisha kwa gharama zao kwamba hawakutenda kosa ambalo hawakupata kulitenda. Ikiwa takwimu hizo zitabaki mikononi mwa wanunuzi badala ya vyama, basi mkulima atakuwa amelipia pia kujulikana kwake.

Huko kwenye maabara wapo wanaojaribu kutengeneza kahawa bila mbuni. Watafiti wa Finland walitangaza mwaka 2021 kuwa wamekuza seli za kahawa katika mitungi. Siioni hatari yake kuwa ya karibu kuliko hatari ya kuendelea kuuza kahawa ghafi. Ujerumani, isiyolima kahawa, ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa kahawa duniani kwa sababu huikaanga na kuiuza tena. Na viongozi wa Afrika walipokutana Dar es Salaam Februari 2025 kuzungumzia kahawa, jambo hilo la kuongeza thamani nyumbani lilishika nafasi ya mbele, kama ilivyostahili. Bukoba ina kiwanda cha TANICA tangu miaka ya 1960. Lakini kiwanda hakitasitawi kwa hotuba ikiwa wenyeji hawanywi: Uhabeshi hunywa karibu nusu ya kahawa yake, na soko hilo la ndani humkinga mkulima wa huko pindi London na New York zinapotikisika, ilhali Tanzania hunywa sehemu ndogo tu ya mavuno yake, hata mwambao, ambako dele na kashata havikosi barazani.

Kwa hiyo neno langu la mwisho ni kwa wenyeviti na makatibu wa vyama vya msingi, na kwa maafisa wa serikali wanaokaa nao katika meza ya mazungumzo na wanunuzi. Kila sharti jipya, liwe la kivuli, la ramani, la maji au la mbegu, lisikubaliwe mpaka gharama yake imeandikwa katika mkataba pamoja na jina la atakayeilipa. Takwimu za mashamba ziwe mali ya chama. Na katika bei nzuri ya misimu hii sehemu ijulikanayo itengwe kumlisha mkulima ile miaka mitatu anayoingojea mibuni mipya izae. Bei hii haitadumu, na miche iko tayari Lyamungu.